Mazishi ya Pikipiki Perpetua

Siku za soko pale Amagoro, Quinton Mulama hakuangalia mifuko ya watu. Aliangalia viatu. Mfuko hudanganya, alikuwa akisema, lakini kiatu kilichotoka mbali hukiri kila kitu bila kuulizwa. Mtu mwenye vumbi mpaka magotini ni mtu anayetamani magurudumu, na anayetamani magurudumu husikiliza vizuri.

Basi siku hiyo ameegemea ukuta wa duka la mbolea, mguu mmoja chini na mwingine ukutani, mara vumbi likamjia lenyewe. Lilikuwa limepanda miguu ya mama mmoja wa makamo, kitambaa cha kijani kichwani, kikapu mkononi. Kati ya sabuni na sukuma wiki ulichomoza mrija mrefu wa kunywea ajon, ile pombe ya wimbi ambayo Wateso huinywa wakizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Mama alipita, akasimama, akarudi hatua mbili. Alikuwa amemwona Perpetua.

Perpetua alikuwa pikipiki. Nasema alikuwa, kama ninavyosema juu ya watu, na atakayenikosoa hakumwona. Alikuwa Mjapani wa miaka ya sabini, mdogo, mwekundu aliyefifia, mwenye kiti cha mtu mmoja na karia nyuma, na uwazi pale mbele ambapo mama mwenye sketi anapanda bila kupoteza heshima yake. Siku hizi barabara ya Malaba imejaa maboda makubwa yanayonguruma na kupiga honi za malori. Perpetua yeye alikohoa tu, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi. Wazee wakiisikia sauti hiyo walisimama njiani. Ilikuwa sauti ya mwalimu mkuu, ya katekista, ya bwana afya, ya zama zile ambapo mwenye pikipiki alijulikana kwa jina mpaka kwa watoto.

Quinton alimpenda. Nalisema hili mapema msije mkadhani ni mtu mbaya tu. Alimfuta kila asubuhi kwa fulana yake mwenyewe, na mvua ikinyesha Perpetua alilala ndani, Quinton akajibana pembeni. Ndiye aliyekuwa mtaji wake wote duniani. Bila Perpetua, Quinton alikuwa mdomo tu, na midomo hapa mpakani ni mingi kuliko malori.

"Mama, usimguse na haraka," alisema kwa upole. "Huyu amezoea mikono ya sala."

"Mikono ya nani?"

"Ya Sista Perpetua. Mwitaliano. Miaka thelathini kule upande wa Nangina, mvua yake, jua lake, akibeba akina mama wajawazito kwenda kujifungua. Nusu ya watu wa Samia walianza safari ya dunia kwa hii karia." Akashusha sauti. "Hata mimi."

Mama akaitazama karia, akamtazama Quinton, akairudia karia.

"Anakunywa petroli kiasi gani?"

"Huyu hanywi, mama. Anaonja."

Akafungua kifuniko cha tangi. Petroli ilimeremeta hadi mdomoni. "Na hiyo nakupatia bure pamoja naye."

"Tangi imejaa?"

"Si unaona."

"Imejaa mpaka chini?"

"Mama yangu, petroli haina tabia ya kuelea hewani."

Mama alicheka. Quinton naye alicheka, na hapo ndipo alipokosea, lakini tusiende mbio.

Acha niwaeleze siri ya tangi lile, maana watu watatu walimnunua Perpetua kabla ya mama huyu na hakuna aliyeelezwa. Chini kidogo ya mdomo wa tangi palikuwa pamelehemiwa mkebe wa rangi ya viatu. Ukifungua kifuniko unaona petroli hadi ukingoni, na ni petroli kweli, lakini kina chake ni pingili moja ya kidole. Chini ya mkebe, ndani ya tangi lenyewe, Quinton aliingiza kwa bomba petroli ya kujaza kikombe kidogo cha kahawa. Kikombe hicho kilimfikisha mnunuzi kilomita tatu kamili kwenye barabara ya Moding, hadi penye mikaratusi, mahali ambapo hakuna nyumba, hakuna kivuli cha maana, na mtandao wa simu ni wa kuomba Mungu. Hapo Perpetua hukohoa mara mbili, akazima. Mnunuzi hupiga kiki mpaka jasho limwingie machoni, halafu hufungua tangi, huona limejaa, na moyo wake hufa. Kama petroli ipo, basi tatizo ni kubwa.

Na hapo ndipo hutokea Sharlyne, kwa bahati tu, na ovaroli yake na boksi la spana.

Sharlyne alikuwa fundi wa kweli, na hilo ndilo jambo la kusikitisha. Kati ya Busia na Malaba hukumpata mwenye mkono kama wake kwenye injini ndogo. Lakini mafundi wanaume walikuwa wamemnyima nafasi stendi zote mbili, ndipo Quinton akamwokota, akampa kazi ya kusema uongo. Alikuwa na maneno yake, hayabadiliki: "Pole sana. Hii ni petroli ya magendo, imewekwa maji. Imechoma moyo wa injini. Na moyo ukishaungua hakuna spea. Naweza kukuondolea kwa bei ya chuma chakavu, juu roho yangu inaniuma." Mnunuzi alishukuru, akapokea vijisenti, akaenda kwa miguu. Hakuna aliyetilia shaka, maana petroli ya jerikeni inavuka mpaka kila siku, na kila mtu hapa ana shemeji aliyeharibiwa injini nayo. Halafu Sharlyne alimsukuma Perpetua kilomita zote tatu kurudi, jua la utosi, kwa kuwa pikipiki iliyotangazwa kufa haiwezi kuonekana ikiendeshwa. Kila mara alidai seti mpya ya spana. Kila mara Quinton alimwambia ni mauzo yajayo.

"Niandike jina nani?" Quinton alimuuliza mama, kalamu mkononi. Risiti zake zilikuwa nzuri kuliko za serikali, na juu zimechapwa Injinia Quinton Mulama.

"Asekenye. Wa Moding. Nauza ajon, na mimi ndiye katibu wa kamati ya mazishi."

Hapo mtu mwenye akili angefunga biashara akaenda nyumbani kulala. Katibu wa kamati ya mazishi ni mtu aliyewatoa watu mchango wakiwa wamejificha chini ya kitanda. Lakini Quinton alikuwa anaangalia noti zikifunguliwa kutoka kwenye kitambaa cha kijani, na mtu anayeangalia noti hasikii. Bei ilikuwa ya mbuzi watatu wazuri. Mama Asekenye alipanda, sketi yake ikatulia vizuri, na Perpetua akaondoka akikohoa kwa adabu kuelekea Moding.

Siku hiyo Sharlyne alichelewa kidogo. Alipofika penye mikaratusi alimkuta mama ameketi kando ya pikipiki iliyozima, anaufuta mrija wake kwa jani. Sharlyne akadhani amepiga funda la kupunguza machungu. Akatoa maneno yake yote, ya petroli ya magendo, ya moyo kuungua, ya spea, ya roho kumuuma.

Mama Asekenye alisikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akafungua kitambaa kichwani, akajifunga kiunoni. Halafu akapiga nduru.

Huwezi kuamini jinsi nduru ya matanga inavyofika pasipofika mtandao. Watu walitoka kwenye mihogo, wakatoka kwenye mtama, wakatoka sehemu ambazo Sharlyne alikuwa na hakika hazina watu. Dakika kumi baadaye alikuwa kwenye simu, amepanda kichuguu akitafuta mtandao.

"Quinton, kuna noma. Huyu mama analia."

"Wacha alie. Wote hulia."

"Si hivyo. Analia kama amefiwa. Watu wameleta viti. Msee, kuna mtu ameleta sufuria."

Quinton alichukua boda. Alipofika, mikaratusi ilikuwa na watu kama sitini, Perpetua amefunikwa leso, na mzee Okwara, anayeongoza sherehe zote za upande ule, anaomba utulivu. Kabla Quinton hajafungua mdomo, Mama Asekenye alimkumbatia mpaka akakosa pumzi.

"Mtoto wa marehemu amefika," aliwatangazia watu. "Huyu alizaliwa kwa hii karia. Ameniambia mwenyewe."

"Pole sana, Injinia," watu wakasema, mmoja baada ya mwingine, wakimshika mkono kwa mikono miwili.

"Mama," Quinton alijaribu, "ni chuma tu. Huyu fundi hapa ako tayari kuchukua..."

"Chuma?" Mama Asekenye alishtuka. "Kitu kimebeba wajawazito miaka thelathini, kipelekwe kwa mizani ya chuma chakavu? Kitengenezwe karai? Mimi nichotee maji na karai ya Sista? Hapana. Hiki kinazikwa. Na kinazikwa na heshima, Jumamosi, kwangu Moding."

Umati ulinung'unika kwa kukubali. Mtu wa kwetu anaweza kukataa kulipa kodi, anaweza kukataa kulipa ada ya shule, lakini kukataa mazishi yakishatangazwa, huyo hajazaliwa.

Moyo wa Quinton ulishuka, halafu ukapanda tena, kwa kuwa alikumbuka neno moja tamu: michango. Akapangusa jicho kavu. "Basi kama ni hivyo," alisema, "mimi nitajitolea kuwa mweka hazina."

"Mweka hazina ni mimi," Mama Asekenye akajibu. "Wewe ni mfiwa. Mfiwa hashiki pesa. Mfiwa analeta fahali na jeneza."

Siku zile nne kabla ya Jumamosi zilimkondesha. Sharlyne alimshauri wakimbie, wavuke mpaka waende Tororo, watafute pikipiki nyingine. Quinton alikataa katakata. Wangepata wapi mwingine kama Perpetua? Tena hesabu yake ilikuwa rahisi: azikwe Jumamosi, watu waende zao, Jumapili wakiwa kanisani yeye amfukue. Udongo haumuui Mjapani. Mauzo ya siku mbili za soko, na bei ya fahali ingekuwa imerudi. Basi aliuza runinga, akauza godoro, akauza kochi alilokuwa hajamaliza kulilipia, na fahali akapatikana. Jeneza lilitengenezwa na Omuse, seremala wa Moding, aliyekuja kuchukua vipimo kwa uso wa huzuni akauliza kama usukani ukunjwe au jeneza liwe pana mabegani. Quinton alisema liwe pana. Hakutaka usukani uumie.

Ijumaa picha ya Perpetua ilikuwa kwenye makundi yote ya WhatsApp kutoka Malaba hadi Funyula, taji la maua limechorwa kuizunguka, chini pameandikwa kwamba ameitwa akiwa kazini. Mama Asekenye aliituma mwenyewe, akasisitiza kila aliyemfahamu marehemu aje aseme neno.

Wakaja.

Jumamosi tenti ilikuwa imejaa saa nne asubuhi. Jeneza lilikuwa wazi, Perpetua ndani, amesuguliwa akang'aa. Katekista alikuwa na wasiwasi wa dhamiri. Alikataa kumwombea pikipiki, lakini baada ya mashauriano na supu akakubali kuwaombea wote wasafirio barabarani. Mzee Okwara akakamata kipaza sauti, akawaita waliomjua marehemu.

Wa kwanza alikuwa Okiria, wakala wa forodha kutoka Malaba, suti ya kijivu, mkoba kwapani. Quinton alipomwona aliteremka kitini kidogo kidogo mpaka akabaki shingo.

"Nilimjua marehemu mwaka jana," Okiria alisema. "Alikuwa mali ya kanali mmoja wa Uganda. Kanali alikimbilia naye Kenya usiku wa vita, risasi zikipita huku na huku, na hakupigwa hata moja."

Watu wakatazamana. Mzee Okwara akakohoa. "Marehemu alikuwa jasiri," alisema. "Mwingine."

Wa pili akawa Dancun, taniboi wa malori, kijana mpana mwenye fulana isiyo mikono. "Mimi nilimjua mwezi wa nne. Aliendeshwa na bingwa wa mashindano. Alishinda kikombe Nakuru."

"Marehemu alikuwa mwanamichezo," Mzee Okwara alisema, akianza kutoka jasho. "Mwingine."

Wa tatu alikuwa Vivianne, mwalimu wa chekechea, aliyekuja na leso ya kulilia na kuitumia. "Alikuwa wa bwana shamba ambaye hakuwahi kuoa," alisema. "Alimpenda yeye tu. Nilipoambiwa hivyo nilishindwa kupunguza bei."

Mtu mmoja nyuma akauliza kama kuna jeneza lingine. Mzee Okwara aliangalia karatasi yake ya ratiba kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba marehemu aliishi maisha mapana.

"Kitu kimoja tu," Vivianne akaongeza, amekishikilia kipaza sauti. "Alinizimikia penye mikaratusi. Na tangi ilikuwa imejaa."

"Hata mimi," Dancun alisema akisimama. "Penye mikaratusi."

"Imejaa hadi mdomoni," Okiria akasema polepole. "Na kukatokea fundi wa kike."

Vichwa viligeuka kuelekea jikoni, ambako Sharlyne, kwa bahati mbaya, alikuwa ameshika mwiko wa ugali. Halafu vichwa vikageuka kuelekea kiti cha mfiwa. Quinton aliona vijana watatu wakivua mashati. Alikuwa ameishi kwa mdomo wake miaka kumi na moja, alijua mtu anapovua shati si joto.

Mama Asekenye alinyanyua mkono, na hata mbuzi waliacha kula.

"Tulieni. Hapa ni matanga, si stendi," alisema. "Marehemu, nasikia, amekufa mara tatu kabla ya hii, na mara zote akafufuka. Sasa tuulize familia." Akamsogelea Quinton, akamwekea kipaza sauti mdomoni. "Injinia, sema mbele ya watu. Huyu amekufa, ama anaweza kuamka? Kama anaweza kuamka, mpige kiki sasa hivi, tusizike aliye hai. Na hawa vijana watakushukuru wenyewe. Kama amekufa, sema amekufa, tupige misumari."

Quinton alimtazama Perpetua. Kikombe kimoja tu cha petroli kwenye bomba, na angekohoa, na kila mtu angejua. Alitazama wale vijana watatu. Walikuwa wanne sasa.

"Amekufa," alisema.

"Hatujasikia."

"Amekufa," Quinton akasema, na machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kazi. Alilia kwa sauti, mabega yakimtetemeka, mpaka akina mama waliokuwa wamekasirika wakaanza kumsikitikia. Mashati yakavaliwa tena. Mtu anayelia hivyo matangani hapigwi, si desturi.

Mama Asekenye alimshika mkono akamwingiza nyumbani, akamketisha akitazama ukuta, akampa chai. Mfiwa, alisema, haruhusiwi kuona msumari wa kwanza. Mimi nimehudhuria mazishi mengi na sijawahi kusikia mila hiyo, lakini Quinton ni mtu wa Samia, hakutaka kuonekana hajui mambo ya Wateso. Alikunywa chai, akasikia nyundo. Alipotolewa nje jeneza lilikuwa limefungwa, na watu wanane walilibeba wakilalamika uzito.

Fahali aliliwa. Okiria alirudia nyama mara nne, akiwa na uso wa mtu anayerudishiwa kilicho chake. Vivianne alifungiwa ya kwenda nayo nyumbani.

Jumapili saa nne, Moding nzima ikiwa kanisani, Quinton alifika na jembe. Sharlyne hakushika simu, kwa hiyo Quinton alikuja peke yake. Alichimba akiwa amevua viatu, akimwongelesha Perpetua taratibu, akimwahidi plagi mpya na tairi ya nyuma. Jembe likagonga ubao. Akang'oa misumari.

Ndani ya jeneza palikuwa na mawe matatu ya kusagia, mgomba, na mkebe wa rangi ya viatu uliooshwa ukang'aa.

Alikuwa bado ameushika mkebe, yuko shimoni hadi kifuani, aliposikia kikohozi kile cha adabu kikikata kona. Perpetua aliingia uani, akazimwa kwa ufunguo, kama pikipiki yoyote ya mtu. Mama Asekenye alikuwa amevaa gauni la kanisani. Nyuma, kwenye karia, aliketi Sharlyne, naye kavaa gauni, na mapajani amepakata seti mpya ya spana.

"Sharlyne," Quinton alisema.

"Boss."

"Hata wewe?"

"Mimi ndiye nilikuwa nasukuma," Sharlyne alisema. "Mama ameniuliza jikoni, kama ni mimi nasukuma, mbona pikipiki ni yako? Nikaweka mwiko chini. Sasa nafungua gereji hapa. Ya injini ndogo."

Quinton akamgeukia Mama Asekenye. "Ulijua lini?"

"Penye mikaratusi." Aliutoa mrija kikapuni. "Mimi nimeuza ajon miaka ishirini. Kuna watu wanaficha bakuli chini ya chungu, ukiangalia juu umejaa, ukivuta mara mbili umekauka. Kwa hivyo mimi chungu siangalii. Napima. Huo mrija uligonga chini nikiwa sijauingiza hata urefu wa kidole. Petroli haina tabia ya kuelea, wewe ndiye uliniambia."

Quinton alimtazama Perpetua. Alikuwa amefutwa vizuri, hata ndani ya rimu.

"Niuzie," alisema.

Mama Asekenye alishuka, akaweka mkono kwenye kiti chekundu, akainamisha kichwa. "Huyu amezoea mikono ya sala," alisema. "Miaka thelathini, mvua yake, jua lake. Nusu ya watu wa Samia walianza safari ya dunia kwa hii karia."

Quinton aliyajua maneno yale. Aliyatunga mwenyewe, Busia, kando ya jiko la mandazi, asubuhi moja ya mwezi wa pili. Sista Perpetua hakuwahi kuwepo, wala hakuzaliwa Italia. Na bado, palepale kaburini, alimwona yule Sista, na mvua, na yule mama mjamzito aliyejishikilia nyuma.

"Bei ya mwisho ngapi?" aliuliza.

"Haiuzwi. Ya Sista haiuzwi." Mama Asekenye akafungua daftari la kamati, akalamba kidole, akatafuta ukurasa. "Lakini kufukua kaburi ni kondoo. Dume. Wa kutakasa boma. Ulete kabla ya mvua, la sivyo nitawaeleza wale vijana mmekutana wapi leo wewe na marehemu."

Na alikuwa mtu wa kutimiza neno, kila mtu aliyewahi kujificha chini ya kitanda alijua.

Kwa hiyo siku ya soko iliyofuata Quinton alinunua kondoo Amagoro. Muuzaji alikuwa mzee mpole wa Moding, akamwambia mnyama huyu ametoka kwa askofu. Quinton alimfungua kondoo mdomo, akahesabu meno, akamshika mgongo, akaridhika. Boda zote zilikataa kumbeba, zikasema atachafua kiti. Wakaanza safari ya Moding kwa miguu, mtu na kondoo, jua likipanda, vumbi likiwafika wote wawili magotini.

Penye mikaratusi kondoo alikohoa mara mbili, akalala chini.

Quinton alimvuta kamba. Akamsukuma kwa nyuma. Akamfungua mdomo akachungulia, na hakujua anatafuta nini. Alikuwa amejaa nyasi mpaka mdomoni. Ndipo ile sauti ndogo ikaja kutoka upande wa Moding, na Perpetua akasimama kando yake. Sharlyne alishuka na ovaroli yake, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye ubavu wa kondoo kwa muda mrefu, kama daktari.

"Pole sana," alisema. "Huyu ni moyo. Na moyo ukishaungua hakuna spea. Naweza kukuondolea kwa bei ya ngozi tu, juu roho yangu inaniuma."

Quinton alimtazama kondoo, ambaye alikuwa anatafuna. Akaitazama barabara iliyobaki. Halafu akaketi chini, akavua kiatu, akakung'uta vumbi.

"Ngapi?" akauliza.